Maneno Pembeni mwa Picha

Rozalia alikuwa na tabia moja iliyomfaa sana katika kazi yake. Akiingia nyumbani kwa msanii, hakuanza kutazama picha zilizotundikwa. Alitazama zile zilizogeuziwa ukutani. Zilizotundikwa ni za wageni, alikuwa akisema. Zilizogeuzwa ndizo za mwenyewe.

Ndivyo alivyozipata picha za Isakwisa.

Alikuwa amekwenda Mbeya kwa shughuli nyingine kabisa, akapita Mwanjelwa, akaona bango la bucha. Lilikuwa na ng'ombe kama mabango yote ya bucha, ila ng'ombe huyu alimtazama mpita njia kwa macho ya kiumbe anayejua kinachomngoja. Rozalia alisimama mbele yake hadi mwenye bucha akamuuliza anataka kilo ngapi. Akaulizia mchoraji. Akaelekezwa Ilomba, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ua na nyumba ya mama mmoja mzee, na huko akamkuta mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole, vidole vimeganda rangi nyekundu ya saluni aliyokuwa anaiandikia jina.

Chumba cha kwanza kilijaa mabango. Cha pili kilikuwa na vipande vya mifuko ya salfeti vilivyokazwa kwenye fremu za mbao, kama ishirini hivi, vyote vimegeuzwa.

"Na hizi?" Rozalia aliuliza.

"Hizo si za biashara, dada."

"Sijasema nanunua. Nataka kuona tu."

Kwa dakika kama tano hivi, hilo lilikuwa kweli.

Isakwisa aligeuza moja, akageuza ya pili. Kila picha ilikuwa na kamba. Kamba ilishuka kutoka ukingo wa juu, nene, imechorwa uzi kwa uzi, ikaishia hewani. Hapakuwa na mtu wala ndoo wala kitu chochote kilichofungwa. Chini yake palikuwa na weupe mkavu wa kijivujivu unaokwaruza ukiugusa. Alisema ni marudio, ule mchanga unaobaki machimboni dhahabu ikishatolewa, na kwamba huagiza kiroba kimoja kila mwaka kutoka Makongolosi akauchanganya na gundi. Aliwahi kuchimba huko ujanani. Zaidi ya hapo hakusema.

Rozalia alirudi Iringa akiwa haoni barabara. Miaka minane alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam kwenye ukumbi wa picha wa mtu mwingine. Huko alijifunza nani hununua, nani hujifanya ananunua, na ni kwa nini picha moja huuzwa siku hiyo hiyo na nyingine ikaota vumbi. Baba yake alipofariki na kuacha nyumba Gangilonga, hapo Iringa, aliwaomba ndugu zake miaka mitatu tu ajaribu kuigeuza ukumbi wa sanaa. Wao walitaka kuipangisha. Wakakubali kwa shingo upande. Sasa mwaka wa tatu ulikuwa unakatika, na maonyesho manne aliyoyafanya yalikwisha namna moja: watu wanakuja, wanakunywa juisi, wanasema hongera sana, wanaondoka.

Alikwenda Ilomba mara nne. Mara ya pili alimpelekea Isakwisa turubai halisi la kuchorea. Akashukuru na kulitandika juu ya godoro. Mara ya tatu yule mama mzee wa jirani, Tusekile, aliwaletea ndizi zilizopikwa na maharage, akakaa kumwangalia Rozalia mpaka sahani ikabaki nyeupe. Majirani walimwita Mama Jailos. Isakwisa alimwita mama, akamchotea maji na kumkatia kuni, na Rozalia alidhani ndiye aliyemzaa.

Mara ya nne ilikuwa Machi, na mvua ilipiga bati hivi kwamba walilazimika kusogeleana ili wasikizane. Labda ndiyo sababu. Labda ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kukaa mbele ya zile kamba akanyamaza muda mrefu kama yeye. Isakwisa alianza kusema bila kuulizwa.

"Jailos alikuwa chini, mimi juu kwenye winchi. Duara letu, shimo tulilochimba, lilikuwa la mita thelathini kwenda chini. Akivuta kamba mara moja, nateremsha. Akivuta mara mbili, napandisha. Siku hiyo alivuta mara mbili. Nikaanza kuzungusha. Nikasikia matimba yanalia, zile nguzo za ukingoni, na udongo wa miguuni pangu ukaanza kwenda." Alitazama viganja vyake. "Nikaachia, dada. Nikakimbia."

Rozalia alisogea karibu zaidi.

"Watu wakaja. Kabla hawajafika nikachukua panga nikaikata kamba. Nikawaambia imekatika yenyewe, Jailos amekufa papo hapo. Walimtoa siku ya tatu. Huyu mama aliyekulisha ndizi ndiye mama yake. Mtoto ninayemsomesha chuo ni wa Jailos. Alikuwa na mwaka mmoja. Wananiita mkombozi wao. Miaka kumi na minane wananiita hivyo."

Mvua ilipopungua alijifuta uso kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Hili si la kuandika," alisema. "Picha chukua, ukaonyeshe, sawa. Hili hapana."

"Halitatoka hapa," Rozalia akasema, na alimshika mkono aliposema.

*

Mwanzoni mwa Juni, siku kumi kabla ya ufunguzi, Injinia Liberatus alipita Gangilonga akielekea kwenye shamba lake la miti Mufindi. Alikuwa mtu mzima aliyejenga barabara maisha yake yote, na kwa miaka ishirini ya mwisho alikuwa akikusanya picha. Nyumba yake Dar es Salaam ilikuwa na chumba chenye baridi maalumu kwa ajili ya picha hizo, na picha zake zilikuwa zimesafiri nchi ambazo wachoraji wenyewe hawakuwahi kuzisikia. Mnunuzi kama huyo akikohoa, wengine watano hugeuka. Rozalia alikuwa amemwalika mara sita.

Alizunguka chumba mara mbili, mikono mgongoni.

"Ana mkono," alisema. "Lakini kamba ya nini?"

"Aliwahi kuwa mchimbaji, Injinia. Ni kumbukumbu ya—"

"Wachimbaji wako wengi. Rozalia, unanifahamu. Mimi sinunui rangi. Nanunua mtu."

Alikwisha kutazama saa yake. Rozalia akaona mwaka wa tatu ukitoka mlangoni pamoja naye, akafungua mdomo. Alimsimulia yote: winchi, matimba, panga. Kilichokuja kumtesa baadaye, zaidi hata ya maneno yenyewe, ni kwamba alisimulia vizuri. Sauti yake ilishuka mahali pa kushuka. Alipofika kwenye ile mivuto miwili alinyamaza kidogo, kama mtu anayejua mahali pa kunyamaza.

Injinia alivua miwani akaifuta. Macho yake yalikuwa yamelowa, na machozi hayakuwa ya kuigiza.

"Andika hiyo," alisema.

"Aliniomba isiandikwe."

"Basi iandike kwa ustaarabu."

Aliandika asubuhi iliyofuata. Alijiambia kwamba ataandika kwa mbali, bila kumtaja mtu: *rafiki yake*. Akamtumia Injinia kwenye simu. Jibu likaja kabla chai haijapoa. Rafiki gani? Marafiki wamejaa duniani. Huyu si ana jina?

Rozalia alikaa na simu mkononi. Kisha akafuta maneno mawili, akaandika Jailos. Ni herufi sita tu. Injinia akachukua picha tisa, akasema wako watu Johanesbagi wanaoandaa maonyesho makubwa ambao atawaonyesha.

Maelezo hayo aliyabandika ukutani kwa Kiingereza, aya tatu ndefu. Chini yake akabandika ya Kiswahili, mistari minne: Isakwisa alizaliwa Rungwe, anaishi Ilomba, anachora kwa marudio juu ya salfeti. Alijiambia kwamba Kiingereza ni cha wanunuzi na Kiswahili ni cha wageni wa kawaida, ni utaratibu tu. Mtu akiwa na shida, hujipatia sababu kama anavyojipatia kuni.

Siku ya ufunguzi Isakwisa alikuja kwa basi, amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani. Alitembea kati ya picha zake kama mgeni, akiwasalimu watu kwa mikono miwili. Hakuwahi kuziona zote zimegeukia watu. Mwishowe alisimama mbele ya maelezo. Alisoma ya Kiswahili, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa yale marefu.

"Hapa mmeandika nini, dada Roza?"

Rozalia alikuwa pale, hatua moja kutoka kwake. Jina lilikuwa kwenye mstari wa tano; angelishuka kidogo kwa kidole angeliona, maana jina ni jina katika lugha zote.

"Ni hayo hayo ya Kiswahili," alisema. "Ila Kiingereza kina maneno mengi." Akamshika kiwiko akampeleka kwenye meza ya chakula.

Isakwisa aliondoka na fedha ya picha tisa, nyingi kuliko aliyowahi kuishika. Alimshukuru mpaka Rozalia akatazama pembeni.

*

Wiki ya tatu ya Julai, Jumatano mchana, aliingia binti mmoja peke yake, begi la chuo mgongoni. Rozalia alifurahi, vijana wa chuo walikuwa hawaji. Binti hakuzunguka. Alitazama picha ya kwanza akitabasamu, kama mtu anayekutana na nguo aliyoiona ikishonwa, kisha akafika kwenye maelezo, na hapo akasimama.

Akasimama muda mrefu. Rozalia akamsogelea.

"Umependa?"

"Nasoma."

"Watu wengi hulia hapo," Rozalia alisema. Alisema kwa fahari kidogo. Baadaye angetoa chochote kuifuta fahari ile.

"Ni kweli haya?" binti akauliza bila kugeuka.

"Kweli kabisa. Mwenyewe alinisimulia."

"Kwa mdomo wake? Kwamba kamba aliikata baadaye?"

"Kwa mdomo wake."

"Na ilivutwa mara mbili."

"Mara mbili, ndiyo. Hapo ndipo picha zote zilipotoka, ukifikiria."

Binti akaitikia kwa kichwa. Akaomba kupiga picha ukuta ule. Rozalia akamwambia karibu sana, apige anavyotaka, na akamwomba asaini kitabu cha wageni akitoka. Binti akainama juu ya kitabu, akaandika taratibu, akaweka kalamu katikati ya kurasa, akatoka.

Rozalia alikuja kukifunga kitabu kama dakika kumi baadaye. Kwenye nafasi ya jina na anwani palikuwa pameandikwa: *Tumpe Jailos. Ilomba, Mbeya.* Kwenye nafasi ya maoni hapakuwa na kitu.

Alikimbia hadi getini, akatazama barabara juu na chini. Palikuwa na mtu anapalilia maua na mbwa amelala. Isakwisa alikuwa amemwambia mtoto yuko chuo. Rozalia hakuuliza chuo gani. Hakuwa na haja ya kujua. Hilo halikuwa sehemu ya kisa.

Alirudi ndani akachukua kisu cha jikoni akaanza kubandua maelezo. Karatasi ilikuwa ya kunata, ya gharama, ikatoka vipande vipande na rangi ya ukuta. Kipande chenye jina kilikuwa cha mwisho.

Alimpigia Isakwisa simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena jioni, na kesho yake, na keshokutwa yake simu ikawa imezimwa. Jumamosi alfajiri akawasha gari.

Alisimama njiani, Nyololo, kunywa chai. Chai yenyewe hakuinywa. Simu ikaita, alikuwa Injinia Liberatus, na furaha tele.

"Wamezichukua! Zote tisa. Katalogi inakwenda kuchapwa mwezi ujao. Maelezo yako nimeshawapa, wameyapenda mno, nataka tu uniambie kama yabaki hivyo hivyo."

"Injinia, naomba yatolewe."

"Yatolewe? Kwa nini, si kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa?"

Lori la mbao lilipita, akangoja limalizike. "Hayakuwa yangu kuyatoa. Aliniambia kwa siri. Mtoto wa marehemu ameyasoma ukutani kwangu."

Injinia hakuwa mtu mbaya. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyouma.

"Pole sana. Kweli, pole. Lakini Rozalia, picha zile ni zangu, na kile kisa nilikinunua pamoja nazo. Wewe ndiye uliyeniuzia."

Simu ilipokatika, Rozalia alilipia chai akarudi garini.

*

Tusekile alikuwa ameketi uani kwake juani, amejifunga blanketi juu ya khanga, kwani Julai ya Mbeya haimhurumii mzee. Tumpe alikuwa mlangoni. Alipomwona Rozalia hakuinuka wala hakuingia ndani.

Rozalia alichuchumaa mbele ya mzee, kama wanavyosalimia wanawake wa huko. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyekula ndizi zangu."

"Ndimi, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Isakwisa aliniambia kwa siri, nami nikaandika. Nilimdanganya. Yeye hana kosa la—"

"Ngoja kwanza," Tusekile alisema. "Niambie. Mara mbili?"

"Mama?"

"Mjukuu wangu anasema imeandikwa kwamba kamba ilivutwa mara mbili. Aliyevuta ni mwanangu?"

Rozalia alitazama chini. "Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo alikuwa hai."

Kuku walikuwa wanachakura kwenye maganda ya maharage. Hakuna aliyewafukuza.

"Kwenye msiba mchungaji alisema hakuteseka," Tusekile akaendelea. "Isakwisa alisema hakuteseka. Mimi nikalishika neno hilo, nikalilalia kama mto. Miaka kumi na minane. Kwamba Isakwisa alikimbia siku ile sikatai. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, na mama yake mwenyewe alikuwa hai wakati huo, anamngoja. Ningekuwa mimi ningekimbia. Ila kwamba mwanangu aliita, na watu wenye magari wakasimama na glasi mkononi wakasoma kwamba aliita, na mimi nilikuwa hapa nachambua maharage, sijui..." Akaacha. Alivuta blanketi. "Hilo nimeshindwa kulimeza."

Rozalia alilia. Alikuwa amejiahidi njiani kwamba hatalia, kwa sababu machozi ya mkosaji ni kazi nyingine anayompa aliyekosewa. Tusekile alimwangalia tu mpaka akamaliza.

"Isakwisa yuko wapi, mama?"

"Ameondoka siku aliyofika Tumpe. Alitusoma usoni, hakuuliza kitu. Hata koti hakubeba. Najua alikokwenda." Akanyoosha mkono, Tumpe akaja akamwinua. "Una gari?"

"Ninalo."

"Nipeleke Makongolosi."

Walipanda mlima kuelekea Chunya wakiwa watatu, bibi mbele, mjukuu nyuma. Juu kulikuwa na ukungu mzito wa kunyesha. Walipoteremka upande wa pili joto likawapokea na miti ikawa mifupi na ya kijivu. Tusekile hakuwahi kupita njia ile. Katika safari yote alisema neno mara moja tu, wakiwa kwenye kona kali: "Mwili wa mwanangu waliupitishia hapa." Tumpe akaegemea mbele, akaweka mkono begani kwa bibi yake, akauacha hapo.

Makongolosi hawakumtafuta sana. Mama ntilie wa kwanza waliyemuuliza alijua kuna mchoraji mrefu anayefanya kibarua kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, upande wa machimbo ya zamani. Wakamkuta hapo, amesimama kando ya lundo la marudio, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Aliliona gari. Akaweka koleo chini, akangoja.

Rozalia alifungua mlango wake.

"Wewe baki," Tusekile akamwambia. "Haya si yako."

Akabaki. Karasha ilikuwa inanguruma. Hata dirisha angelishusha asingelisikia neno. Kupitia kioo chenye vumbi aliona Isakwisa akipiga magoti mbele ya mzee. Aliona midomo yake ikienda, muda mrefu. Aliona mkono wake wa kulia ukizungusha winchi isiyokuwepo, ukizungusha, ukizungusha, kisha vidole vikafunguka. Tusekile alimpiga. Alimpiga begani kwa kiganja, na tena, na tena, kila pigo likitoa wingu dogo jeupe, naye hakujikinga. Kisha mzee akachoka. Akakaa chini palepale kwenye mchanga, miguu ameinyoosha kama mtoto, na yeye akaanza kusema, na Isakwisa akasikiliza. Tumpe alikuwa amesimama amewapa mgongo.

Hapo ndipo Rozalia alipojikamata. Kichwani mwake sentensi ilikuwa imeanza kujipanga: *vumbi lililobaki dhahabu ikishaondoka*... Ilikuwa sentensi nzuri. Alikuwa tayari anatafuta neno la pili. Akainamisha paji la uso kwenye usukani, akaliuma tumbo la kiganja chake mpaka sentensi ikaondoka, na aliogopa, kwa sababu alijua haikuwa imekwenda mbali.

Walirudi wanne. Isakwisa alikaa nyuma na Tumpe, kati yao begi la chuo. Ni Ilomba tu, alipokwisha kumshusha mzee, ndipo alipoinama kwenye dirisha la dereva. Vumbi lilikuwa limefanya mistari usoni pake.

"Zilizobaki nirudishie," alisema. "Tumpe atakuja kuzichukua."

"Zote. Leo hii kama unataka. Na zile tisa, kaka, nitazihangaikia—"

"Hizo umeshauza."

Hakumtukana wala hakuinua sauti. Aligonga paa la gari mara moja, kama unavyomruhusu dereva aondoke.

*

Alizihangaikia. Aliwaandikia watu wa Johanesbagi kwamba maelezo yaliandikwa bila ridhaa ya msanii. Wakajibu kwa heshima kwamba awasiliane na mwenye picha. Alimwandikia Injinia kwamba anarudisha fedha yote na nyongeza, jambo ambalo lingemlazimu kuuza gari na kukopa; Injinia akakataa. Ila katikati ya Agosti ukaja ujumbe mfupi: Nimetoa jina. Kisa kimebaki. Rozalia alisoma mara nyingi, na hakujua kama anatakiwa kushukuru. Mwishowe aliandika asante, akalichukia neno hilo siku nzima.

Katalogi ilimfikia Septemba. Waandishi wawili wa magazeti ya nje walikuwa wameandika kuhusu mchoraji wa kamba, na simu zilianza kuja, za watu ambao miaka mitatu hawakujibu barua zake. Wote waliuliza kama zipo nyingine. Alijibu hakuna. Ndugu zake waliposikia, walisema amerogwa, na wakaleta mpangaji aje kuiona nyumba.

Tumpe alikuja Ijumaa moja baada ya vipindi, na bajaji ikimngoja nje. Rozalia alikuwa ameshazifunga zile kumi na moja kwa mashuka, si kwa nailoni, ili marudio yasikwanguke. Walizibeba pamoja, moja moja, mmoja huku mmoja kule, wakipishana mlangoni kwa kuambiana "taratibu" na "shusha kidogo." Dereva wa bajaji alishauri namna ya kuzipanga.

Zilipobaki mbili Rozalia alishindwa kujizuia.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Na baba yako mdogo? Anachora?"

"Anaandika mabango. Juzi kamaliza la duka la dawa."

"Na wao wawili," Rozalia akasema, "wanaongea?"

Tumpe aliweka fremu chini, akaiegemeza kwenye goti. Alikuwa na uso wa bibi yake, ule wa kumwangalia mtu mpaka amalize sahani.

"Wanaongea," alisema. "Kila jioni bibi anamwita, wanakaa. Wanaongea Kinyakyusa. Mimi nasikia yote." Akaiinua tena picha. "Hata ningetaka kukuambia, dada, ungeandika."

Rozalia alitaka kusema hapana. Akakumbuka ile sentensi ya kwenye usukani, akashika upande wake wa fremu.

Picha ya mwisho haikuingia. Ilibidi Tumpe akae nayo mapajani, imeziba uso wake wote, na dereva akamuuliza kama anaona njia. Akajibu haina haja, twende tu. Bajaji ikateremka kuelekea stendi, mashuka yakipepea ubavuni, na Rozalia akabaki getini mpaka mpangaji aliyekuwa akingoja kivulini akakohoa, akauliza kama vyumba vya nyuma vina maji.